Kihariri Kinachopeleka Maneno

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekasirika. Naandika kwa wino na karatasi, maana karatasi haina wa kumpelekea maneno.

Asubuhi Bwana Theelen, mkurugenzi wetu, katukusanya na kutupa habari mbili kwa pumzi moja. Ya kwanza: mizani za waoka mikate hazinunuliwi kama zamani, na sisi tunaoandika programu za mizani hizo tuko kumi na sita, kufikia Krismasi tutabaki kumi na wawili. Ya pili: mzee Kessing, msimamizi wa faragha wa kampuni, anastaafu, na Jumatatu ijayo atatajwa mrithi wake.

Wenzangu wote wakasikia habari ya kwanza. Mimi nikasikia ya pili. Kwa sheria za hapa Ujerumani, msimamizi wa faragha hafukuzwi kazi hivi hivi. Nina miaka hamsini na minne. Nani mwingine ataniajiri hapa Oldenburg? Na nani anastahili kiti hicho kunishinda? Nyumba yetu ndiyo pekee mtaani iliyotiwa ukungu isionekane kwenye picha za ramani za mtandaoni. Barua ya maombi niliandika mwenyewe. Kamera ya kompyuta yangu ina plasta tangu 2011.

Mpinzani ni mmoja tu: Swantje Brörmann, miaka thelathini na mmoja, meza yake inatazamana na yangu. Kila saa anafungua dirisha eti hewa ibadilike. Mwezi wa Novemba! Leo kafungua mara saba. Nimehesabu.

Mpango wangu ni huu. Wote tunaandikia programu zetu kwenye kihariri kimoja, kizuri, cha bure, mali ya kampuni ya ng'ambo. Ukikitumia, kinapeleka taarifa kwa wenyewe: umefungua nini, saa ngapi, umekwama wapi. Lakini kina ndugu yake wa chanzo huria. Msimbo ni ule ule, uko wazi kwa yeyote kuusoma, ila mdomo umefungwa. Nitawahamishia huko wote kumi na sita kabla ya Jumatatu. Theelen ataona kwa macho yake mlinzi wa faragha anafananaje.

Jumanne, 4 Novemba

Nimehama wa kwanza, ili niwe mfano. Dakika kumi tu. Nikajisikia mtu huru.

Saa moja baadaye nilikuwa nagombana na kibodi. Viongezo vyangu vya miaka sita, vile vijiprogramu vya kukipa kihariri uwezo zaidi, havipo. Rangi za maneno hazipo. Kitafuta makosa hakipo. Duka la viongezo ni la wale wale wa ng'ambo, na ndugu maskini haruhusiwi kukanyaga mlangoni. Kazi ya asubuhi moja ikanipeleka hadi jioni.

Swantje akapita akaniuliza mbona skrini yangu imekuwa kama uji wa hospitali. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo rangi ya uhuru. Akanipa pole, akaenda kufungua dirisha.

Alipotoka nikafungua kihariri cha zamani nyuma ya kile kipya, kikiwa kidogo kabisa, pembeni. Ni kwa muda tu. Hata mlevi haachi chupa siku moja.

Jumatano, 5 Novemba

Gesine, mke wangu, alinioka keki ya tofaa. Nikaiweka jikoni kazini, na kando yake karatasi ya ahadi: sisi tuliotia saini tunaacha kihariri kinachopeleka maneno.

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua. Kazini, anayeleta keki ni mwenye siku ya kuzaliwa. Wakaja mmoja mmoja, wakanishika mkono, wakanitakia maisha marefu, wakala. Ahlers, mtu mpole anayekaa karibu na mlango, kaniimbia ubeti mzima. Kufikia saa tano sahani ilikuwa na kipande kimoja na karatasi ilikuwa na saini moja. Yangu.

Bi Lüders, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, akauliza kama si kweli kwamba nilizaliwa Mei. Nikakiri. Akasema basi hii ni rushwa, tena imeiva vizuri, akajifungia kipande cha mwisho kwenye tishu.

Nikamfuata Swantje anitilie saini. Akaniuliza, tena mbele za watu, hiyo orodha ya majina itatunzwa na nani, wapi, na itachanwa lini. Watu wakacheka. Mimi nikaulizwa faragha, mimi! Nimeingia nyumbani bila kumsalimu mtu, na Gesine kaniambia nikanunie keki, siyo yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Maneno hayatoshi. Hawa wanahitaji ushahidi.

Nimefika saa moja asubuhi, kabla ya wengine, nikapachika kisanduku kwenye njia ya mtandao ya ofisi. Kazi yake ndogo tu: kila kompyuta inapopeleka taarifa ng'ambo, kinaandika namba ya kompyuta, saa na dakika. Jumatatu nitaiweka orodha kwenye skrini kubwa. Waone walivyovuliwa nguo.

Gesine aliniuliza kama nimeomba ruhusa. Nikamwambia daktari haiombi homa ruhusa ya kuipima. Akasema haiombi homa, anamwomba mgonjwa. Nikamwachia chai yake akanywe peke yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempata!

Kisanduku kimeandika kurasa kumi na moja. Namba kumi na nne ndiye mpiga domo mkuu: taarifa mia nne na kumi na moja kwa siku mbili. Namba tisa hajapeleka hata moja.

Sasa, nani ni nani? Kila kompyuta ina kibandiko cha namba. Walipokwenda kula mchana nikazunguka meza zote. Namba zote nimeziona isipokuwa mbili: ya Swantje, ambayo kibandiko chake hakionekani, na yangu, ambayo kibandiko nilikikwangua zamani kwa ajili ya faragha. Zimebaki kumi na nne na tisa. Aliyehamia kihariri kisafi ni mimi. Basi mimi ni tisa, na Swantje ni kumi na nne. Hesabu ya darasa la pili.

Nilimtazama akifungua dirisha nikatabasamu. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilisimama mbele ya wote, orodha ikiwaka ukutani. Nikasema yuko mtu humu ndani anayetaka kiti cha faragha huku kompyuta yake ikibwabwaja kama kasuku. Nikamnyooshea kidole Swantje. Namba kumi na nne.

Swantje hakupandisha hata sauti. Akaigeuza kompyuta yake juu chini. Kibandiko kilikuwa tumboni. Tisa. Akasema anatumia kihariri huria mwaka wa tatu huu, kwamba rangi na kitafuta makosa vinapatikana kwenye duka huria la viongezo, na kwamba ningeuliza angenionyesha. "Ila Hartwig," akasema, "hicho kidirisha kidogo pembeni mwa skrini yako, hicho cha zamani, hukifungi?"

Walicheka mpaka Theelen akavua miwani. Hayo ningeyameza.

Kisha Bi Lüders akasimama, na yeye hakuwa anacheka. Akauliza kisanduku kile kimeridhiwa na nani, maana chombo chochote kinachoweza kumchunguza mfanyakazi hakifungwi bila kamati kukubali. Akanyoosha kidole ukutani. "Namba sita, siku zote mbili, kimya toka saa saba hadi saa tisa, yaani mtu hayupo mezani. Watu wanne wanatoka hapa kabla ya Krismasi, Hartwig, na wewe umemwandikia mwajiri orodha."

Namba sita ni Ahlers. Alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Theelen alikuwa anamtazama Ahlers.

Kiti kapewa Swantje. Kazi yake ya kwanza imekuwa kuzima skrini na kuichana orodha yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Barua ya onyo imeingia kwenye faili langu. Theelen alitaka nifukuzwe leo leo. Bi Lüders kabishana naye saa nzima mlango umefungwa, mpaka akakubali onyo. Wananiambia nimshukuru. Nimshukuru kwa lipi? Yeye ndiye aliyeligeuza shauri langu mbele za watu.

Ahlers haitikii salamu. Gesine anasema nikamwombe msamaha. Nimemwambia mimi sikumtaja mtu, nilitaja namba. Akainuka mezani.

Jumatano, 12 Novemba

Usingizi haukuja vizuri, lakini asubuhi imekuja na akili. Kihariri huria nimekifuta. Cha zamani kinapeleka maneno, ndiyo, lakini kina rangi.

Na nimesoma sheria upya. Mjumbe wa kamati ya wafanyakazi naye hafukuzwi. Hata mgombea tu hafukuzwi! Uchaguzi ni majira ya kuchipua. Nitagombea.

Mgombea lazima awajue wapiga kura wake. Nimenunua daftari la pili, na safari hii hakuna kisanduku wala umeme, ni penseli tupu, hivyo hakuna sheria iliyovunjwa. Kila mtu ana ukurasa wake: anafika saa ngapi, anakula na nani, anamsema nani. Swantje ana kurasa nne.

Leo mchana nilimfuata Ahlers kwa mbali, saa saba ilipogonga. Kumbe huwa anampeleka mama yake hospitali kwa matibabu ya mionzi, na Theelen hana habari. Kura ya Ahlers sasa ninayo mfukoni. Kesho nitamvuta pembeni nimwambie kwamba najua yote, na kwamba kwangu mimi siri yake iko salama.