Mkwe Kwenye Meza ya Kadi

Jumatatu, 5 Septemba 1966

Leo nimeamua. Nyasho, mtaa wetu hapa Musoma, inahitaji diwani, na diwani huyo ni mimi, Silasi Burito, mnunuzi wa ngozi, mwenye kofia mbili na baiskeli yenye taa. Wegesa mke wangu kauliza nani kasema. Nimemjibu kwamba nchi ndiyo inasema. Hatujatimiza hata miaka mitano ya Uhuru na tayari mtu wa Nyasho anaweza kuketi katika Halmashauri ya Mji, kwenye kiti alichokalia Mzungu, akaamua habari za mifereji na taa za barabarani! Machozi yakanilengalenga. Wegesa akasema ni harufu ya ngozi.

Tangazo limebandikwa mlangoni pa shule. Kujiandikisha ni wiki hii tu, mwisho Jumamosi jioni. Uwe mtu mzima, uwe mkazi wa hapa, uende mwenyewe kwa miguu yako, upewe kadi. Asiye na kadi hapigi kura wala hagombei. Rahisi kama kumsukuma mlevi!

Enoka, fundi baiskeli, naye anautaka udiwani. Mjane, mpole, hana hata kofia moja. Nimemhurumia kwa dhati.

Jumanne, 6 Septemba

Balaa!

Nilifika mapema, koti limepigwa pasi, kofia ile nzuri. Mstari ukasogea. Nikachungulia ndani. Karani yupo, kijana wa Pwani, anaandika kwa madaha. Na kando yake, kwenye kiti, kamkazia macho kila anayeingia, yupo Mkwe.

Mama yake Wegesa! Ndiye mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nilisahau kabisa kazi ya mjumbe. Kumbe kila anayeandikwa lazima mjumbe wake amtazame usoni na kusema ndiyo, huyu ni wa kwangu, namjua. Amtazame usoni! Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na jina lake mkwe halitamkwi. Hata humu, kwenye daftari langu mwenyewe, siliandiki. Tangu alipofiwa akahamia Nyasho kuuza samaki wakavu, mimi hupita nyuma ya nyumba za watu, chini ya kamba za nguo. Mbwa wa mtaa mzima wananijua.

Nikageuka nikatimua mbio. Mstari wote umeona. Enoka kaniuliza kwa upole kama nimeacha jiko linawaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujumbe huo nilimpa mimi. Mwaka jana, siku ya kuchagua mjumbe, watu walipangana nyuma ya wanaowataka. Nilijua mstari wa Enoka utakuwa mrefu, kwa hiyo kabla ya siku hiyo nilizunguka nyumba kwa nyumba nikimsifu Mkwe. Akashinda. Nilijipongeza wiki nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nitatoka.

Jumatano, 7 Septemba

Nimemvizia karani akiwa peke yake, mchana, anakula wali na sato. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu mashuhuri, aniandike hapo hapo, wino anao. Akauliza mjumbe wangu nani. Nikasema ni yule. Yule nani? Yule anayeuza samaki. Akasema Musoma nzima inauza samaki. Nikasema ni yule aliyemzaa mke wangu.

Karani akacheka hadi mwiba ukampalia. Nikampiga mgongoni, nikaokoa maisha ya mtumishi wa Serikali. Alipopata pumzi akasema kwao mtu humwamkia mama mkwe wake kila asubuhi na kunywa chai barazani kwake. Chai! Nimesikitikia malezi ya huko.

Lakini kuandika hakuandika. Anasema bila mjumbe kila mtu angejiita mkazi wa Nyasho, hata wavuvi wa Kisorya wanaolala hapa siku mbili. Ana hoja. Nitakapokuwa diwani nitampandisha cheo, au nitamhamisha.

Alhamisi, 8 Septemba

Akili haina likizo. Nimekwenda Suguti, nilikozaliwa! Huko mjumbe ni mzee Mniko, mwanamume, naweza kumtazama hata kutwa nzima. Nikamwambia aniandikishe, mimi ni mtoto wa hapa, ng'ombe zangu ziko hapa kwa kaka yangu Eliasi.

Mzee Mniko akasema, "Ng'ombe zako ni wakazi, tunazionaga kila siku. Wewe tunakuonaga Krismasi." Watu wakaangua kicheko. Akaongeza kwamba sheria ikiruhusu ng'ombe kupiga kura, ataniita.

Halafu Eliasi akaniuliza swali la kijinga kabisa. Nikipata kadi ya Suguti, nitakuwaje diwani wa Nyasho? Sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia ni siri ya siasa. Nimerudi juu ya magunia ya pamba kwenye lori lililotoka Bunda. Kofia ile nzuri imechukuliwa na upepo.

Ijumaa, 9 Septemba

Hila ya leo ilikuwa kubwa. Nasema hivyo bila kujisifu.

Mgonjwa! Tangazo linasema mgonjwa atasaidiwa. Binamu zangu Kwangu na Lukas wakanibeba juu ya kitanda cha kamba, nimefunikwa blanketi hadi utosini. Kwangu aseme ni Silasi Burito, ana homa ya macho, mwanga utamuua. Nani angethubutu kufunua? Mkwe angenitambua kwa blanketi, analijua, alimpa Wegesa mwenyewe.

Tukapita mstari mzima. Watu wakanipisha kwa huruma, wengine wakavua kofia. Nilifarijika kuona ninavyopendwa. Karani akasema pole sana, mgonjwa ataandikwa mara moja, ila mjumbe aone uso kidogo tu. Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia kandambili zinakuja. Kisha vidole vikashika ncha ya blanketi, vinanukia samaki wa furu wakavu.

Sikumbuki vizuri. Nilijikuta mnadani pa ng'ombe, blanketi bado liko kichwani.

Wegesa anasema watu walipiga kelele kwamba kiwete ametembea, na akina mama wakaanza wimbo wa shukrani. Jioni mwalimu wa dini kaja kuniomba nitoe ushuhuda Jumapili. Nimekubali. Kanisa zima ni wapiga kura.

Lakini kadi sina. Kesho ndiyo mwisho. Nimekaa uani kati ya ngozi na nimeogopa kweli.

Jumamosi, 10 Septemba

Wegesa kaamka na hasira. Kauliza kwa nini mume wake anabebwa kama maiti badala ya kumwambia mama yake tu. Nikamuuliza nani amwambie. Akasema, "Mimi. Si ni mama yangu?" Akajifunga kanga akatoka. Sikuwahi kufikiria njia hiyo. Haina ufundi wowote.

Nilimfuata kwa nyuma ya nyumba. Wegesa akanipungia mlangoni. Nikaingia nimeinamisha kichwa, naona sakafu tu na viatu vya karani. Nikainua macho kidogo. Mkwe alikuwa amekigeuza kiti, kaelekea ukutani, kajifunika kanga kichwa kizima.

Karani akauliza jina. Nikataja. Sauti ilitoka ndogo mno. Karani akasema kwa heshima, mama, utamtambuaje umempa mgongo?

Mkwe akauambia ukuta, "Namjua. Sauti hiyo naisikiaga nyuma ya nyumba yangu miaka yote hii, inagombana na mbwa. Ni mkazi wa hapa. Ni mume wa mwanangu na baba wa wajukuu zangu. Hajapata kunivunjia heshima hata siku moja. Mwandike."

Nililia. Nakiri humu tu. Nililia mbele ya watu, mbele ya Enoka, na sikuona haya. Nilidhani mwanamke yule ananiona mwendawazimu anayepita chini ya nguo za watu. Kumbe alikuwa anajua kila siku kwamba nampisha, na alikuwa anaihesabu kuwa heshima. Karani akanipa kadi. Ina jina langu lote. Baba yangu mzee Burito alilipa kodi ya kichwa maisha yake yote kwa watu ambao hakuwachagua, akafa bila mtu kumuuliza anamtaka nani. Mimi nitaulizwa.

Nikapeleka jina langu la kugombea papo hapo. Enoka kanishika mkono akanipongeza. Mkono wake ulikuwa wa joto. Anapanga nini mtu huyu?

Jumamosi, 24 Septemba

Tumepitishwa wawili, mimi na Enoka. Yeye kapewa alama ya jembe, mimi nyumba. Nimefurahi kupita kiasi. Nyasho ni mjini, nani ana shamba hapa? Nyumba kila mtu anayo, hata ya kupanga.

Leo mkutano wa hadhara, sote jukwaa moja. Enoka alisema kwanza. Mifereji, mifereji, bomba la maji, mifereji. Hana mvuto. Ilipofika zamu yangu nikasimama, nikapanua mikono, nikatazama umati. Mstari wa mbele, kwenye kigoda, Mkwe.

Nifanye nini? Kukimbia tena haifai kwa mgombea. Nikageuka, nikatoa hotuba yote nimeuelekea ukuta wa shule. Ilikuwa hotuba nzuri sana. Ukuta huo unahitaji chokaa, nikaiingiza humo humo kwenye sera. Nyuma yangu nikasikia vicheko, bila shaka vya furaha. Wegesa anasema watoto waliokaa upande wa ukuta ndio pekee walioniona uso. Watoto hawapigi kura.

Jumamosi, 8 Oktoba

Siku ya kura! Mstari umeanza shuleni, umekunja kona ya msikiti, umefika kwa wauza mkaa. Wanawake wamevaa kanga za sikukuu. Dafroza mpika pombe kafunga kilabu mwenyewe bila kuamriwa. Wazee wameshika kadi kwa mikono miwili. Niliwatazama nikajivunia nchi yangu hadi kifua kikauma.

Mkwe alikuwa mbele. Nikasubiri nyuma ya mti wa mjohoro mpaka akatoka, ndipo nikaingia. Wakasoma kadi, wakatafuta jina, wakalikuta. Wakanipa karatasi. Nyuma ya pazia palikuwa na meza na penseli, na mimi peke yangu. Jembe. Nyumba. Hakuna chifu, hakuna bwana shauri, hakuna hata Wegesa. Nilisimama pale nikimkumbuka baba mpaka msimamizi akakohoa.

Nikaweka alama kwenye nyumba. Nikaweka ya pili ili ionekane vizuri. Na kwa kuwa ni siku ya historia, chini yake nikatia sahihi yangu yote, ile yenye mkia.

Jumapili, 9 Oktoba

Enoka ndiye diwani.

Jembe limeshinda kwa mbali. Ajabu, Nyasho nzima ina vishamba huko vijijini na hawakuniambia. Msimamizi alitangaza pia kwamba kura moja ya nyumba imetupwa kwa sababu mpumbavu fulani ameitia sahihi. Watu wakacheka. Nikacheka zaidi yao.

Wegesa kamuuliza mama yake alimpigia nani. Mkwe kasema kura ni siri, na kwamba aliyelilia kadi yake vile ni mwananchi hasa, hata asipokuwa diwani. Wegesa alipoyaleta maneno hayo niliusukuma ugali kando nikamwomba ayarudie. Nina mkwe asiye na mfano Musoma nzima.

Lakini nimeshindwa? Hata kidogo. Nimecheleweshwa tu. Nimekaa tangu ibada nikichunguza kosa liko wapi, na nimelipata. Enoka aliingia mlango wa mbele kila siku, akaongea akiwatazama watu usoni, kwa sababu Mkwe si mkwe wake! Huo si ushindani wa haki. Basi na awe mkwe wake. Enoka ni mjane. Marieta, mdogo wake Wegesa, hajaolewa. Enoka akimwoa Marieta, uchaguzi ujao naye atapita chini ya kamba za nguo, mbwa watamla, na mimi nitakuwa nimeshazoea!

Nimemweleza Wegesa. Kasema ni ndoa nzuri, na Marieta atafurahi kuliko ninavyodhani. Eti nikampigie Mkwe hodi jioni hii, nigeuze uso, niseme shauri langu, kwani mlango uko wazi na kanga anayo.

Hodi! Mlangoni! Wanawake hawajui siasa. Nimekwisha kumwita Kwangu, na Lukas analeta ngazi. Tutashukia kwa Mkwe kupitia paani.