Koti la Gwaride na Tumbo Langu

Jumatatu, 9 Desemba

Vita vimeanza. Leo saa ya chai Mama Stoo, mtunza stoo wetu, amelitundika koti la gwaride ukutani na kutangaza mbele ya chumba kizima cha kupakia biskuti kwamba kipimo ni Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi. Mchana wake ndipo gwaride la kiwanda la kufunga mwaka. Sheria ni zile zile. Vifungo vyote vya shaba vifungwe. Kisha yeye mwenyewe anajaribu kupenyeza ngumi yake kati ya koti na tumbo. Ngumi ikipita, koti ni kubwa kwako, kaa pembeni. Ikikwama, unapewa fimbo na unaongoza bendi. Koti halipunguzwi wala haliongezwi. Mama Stoo husema koti halibadiliki, watu ndio hubadilika.

Aliyasema hayo huku ananitazama tumboni. Watu wakacheka. Najua walichokumbuka! Mwaka jana, katikati ya gwaride, kifungo changu cha kitovuni kiliruka kikatumbukia ndani ya tarumbeta kubwa la Honi. Honi akapuliza. Kifungo kikatoka kikamkuta meneja shavuni.

Honi ni mtu wa tanuri, na mwaka huu naye anapimwa. Yeye ni mwembamba kidogo kuliko koti. Mimi ni mnene kidogo kuliko koti. Nani atalifikia kwanza? Mimi, bila shaka. Kunenepa kunataka chakula, kupungua kunataka akili.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linaniuma kweli. Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya kutibiwa goti. Hajawahi kuniona ndani ya lile koti. Nilipoposa, alimwambia binti yake kwamba huyu bwana ana mdomo tu. Miaka yote hii nangoja siku moja tu ya kupita mbele yake na fimbo ya shaba mkononi. Lazima koti lifungwe. Naanza kesho. Leo dada wa mapokezi alileta keki, na kukataa keki ya mtu ni utovu wa adabu.

Jumanne, 10 Desemba

Mpango wa kwanza: bakuli la mchana. Mke wangu hunifungashia chakula kana kwamba ninakwenda kulima bonde zima peke yangu. Kumwambia apunguze haiwezekani. Ataniuliza nimepata wapi mpishi mwingine. Basi nimepita getini, nikamwachia mlinzi bakuli. Nimemwambia kila siku afanye nalo atakavyo, ilimradi lirudi tupu na asimwambie mtu. Akapiga saluti.

Lilirudi limelambwa! Mke wangu alipolifunua jioni aliimba. Mimi nimeshinda kwa vipande vya biskuti tu. Vipande havihesabiwi. Pale kwetu biskuti nzima ndiyo inayoandikwa. Iliyovunjika inatupwa kwenye sanduku la wote, na kitu ambacho hakijaandikwa popote hakiwezi kuwa na uzito.

Jioni nimepewa adhabu nisiyostahili. Muuguzi ameagiza mama mkwe atembezwe asubuhi na jioni, la sivyo goti litakaza kama bawaba yenye kutu. Mke wangu anasema jikoni hakuachiki msimu huu wa sikukuu. Nimeteuliwa mimi. Tumekwenda hadi duka la kona na kurudi. Kobe angetupita na kutuaga. Njia nzima mama mkwe amenieleza jinsi ninavyopiga mswaki kwa kelele.

Muda wangu wa kupanga mikakati umepotea bure!

Alhamisi, 12 Desemba

Mpango wa pili: jasho. Nimechukua mfuko wa plastiki wa kufungia maboksi, nimejizungushia tumboni, nimevaa shati juu, kisha nimejitafutia kazi karibu na tanuri. Mfuko ulikuwa unapiga kelele kila nikiinama. Honi akaniuliza kama nimeficha mali ya kiwanda. Nikamjibu kwamba kila mtu abebe msalaba wake. Baadaye kidogo ukuta ukaanza kutembea. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye zahanati ya kiwanda, na muuguzi ameushika ule mfuko kwa vidole viwili. Akasema jasho ni maji, ukinywa linarudi. Akaniuliza kwa nini nisitembee tu kama watu wengine. Nikamwambia sina muda wa kutembea, kila asubuhi na jioni namtembeza mama mkwe.

Alinitazama sana. Sijui kwa nini.

Honi anaonekana amechangamka siku hizi. Mashavu yanang'aa. Anatumia mafuta gani?

Jumapili, 15 Desemba

Karamu kwa dada mkubwa wa mke wangu. Meza imejaa hadi kitambaa hakionekani. Mpango wa tatu nilikuwa nao tayari: badala ya sahani, nimechukua kisahani cha kuwekea kikombe. Mtu akila kwenye kisahani, amekula kisahani. Hesabu nyepesi.

Nilirudi mezani na kisahani changu mara nyingi kidogo. Mwenyeji akasema mbele ya wageni kwamba shemeji apewe beseni apumzishe miguu. Watoto wamelala chini kwa kucheka. Nikajikaza kisabuni, nikala kipande cha mwisho kwa hadhi.

Wakati wa kuondoka tulipewa lifti ya gari hadi mlangoni. Mama mkwe akakataa! Akasema yeye na mkwewe watatembea. Nani alimuuliza mkwewe? Nusu ya njia nilikuwa nalalamika kimoyomoyo, nusu nyingine sikuwa na pumzi ya kulalamika, kwa sababu bibi huyu sasa anakwenda kwa kasi. Fimbo yake inagonga lami ko, ko, ko. Amenisimulia jinsi marehemu mume wake alivyoogopa mbwa mdogo. Nilicheka mpaka nikashika mti. Ni mcheshi kumbe. Angekuwa mcheshi zamani tungeokoa miaka mingi.

Jumanne, 17 Desemba

Balaa. Mizani ya maboksi imeharibika, na mambo mengine yote kiwandani yanaitegemea!

Nimengoja wenzangu waende chai, nimepanda juu yake. Mshale umesimama chini kabisa ya nilikotegemea. Nimeshuka, nimepanda tena. Vile vile. Mtu anayekula vipande kama mimi hawezi kuwa na uzito ule. Nimetoa taarifa kwa mafundi mara moja, wameichukua, na chumba kizima kimesimamisha kazi hadi walipoirudisha mchana wakisema ni nzima. Mafundi wa siku hizi! Msimamizi amenung'unika. Nimemwambia ukweli una gharama.

Suruali nayo inateleza. Mkanda umelegea, ngozi yake mbovu. Ninunue mwingine.

Kwa hiyo sina njia ya kujua tumbo liko wapi. Jumamosi inakaribia. Nimeanza kuota vifungo. Leo jioni mama mkwe aliniuliza kinachonisumbua, nami nikamwambia habari za koti, bila kutaja kifungo kilichoruka. Akasema atakuja kutazama gwaride, atasimama mbele kabisa. Moyo ulinipasuka kwa furaha na hofu kwa pamoja.

Alhamisi, 19 Desemba

Mpango wa nne, na huu ndio mama yao. Nimejitolea kulipiga pasi koti. Mama Stoo amenikazia macho, lakini oda za sikukuu zimemlemea, akanikabidhi na kuniapisha. Nikatoka nalo moja kwa moja hadi kwa fundi cherehani nyuma ya soko.

Nimemwomba asogeze safu nzima ya vifungo ukingoni, upana wa vidole viwili. Hakuna kilichokatwa wala kuongezwa, kwa hiyo sheria haijavunjwa, imesogezwa. Fundi akanizungushia futi. Akatikisa kichwa. Akasema koti hili lilivyo linanikaa sawasawa, nikisogeza vifungo nitaelea humo ndani. Akanishauri nijaribu tu kulivaa.

Nililivaa? Thubutu! Mtu anayekumbuka kifungo kikiruka hajaribu koti mbele ya kioo cha fundi. Na fundi yeyote humwambia mteja kwamba amependeza, ndiyo biashara yao. Kilemba cha ukoka hicho. Nikamwambia asogeze. Akasogeza, huku anaguna. Anajua kushona, lakini hanijui mimi.

Nimelirudisha limenyooka kama jani jipya. Mama Stoo akanisifu. Nimetembea na mama mkwe hadi bustani ya maji bila hata kuhema. Ushindi humpa mtu mapafu.

Jumamosi, 21 Desemba

Nitaandika yote, japo mkono unakataa.

Honi alianza. Vifungo vikafunga. Mama Stoo akapeleka ngumi. Ngumi ikakwama! Mwaka jana koti hili lingemmeza, leo amelijaza kama mto unavyojaza foronya. Nikapiga moyo konde. Nami nikavaa. Kifungo cha kwanza, kikafunga. Cha kitovuni, kikafunga chenyewe, bila kuvuta pumzi, bila sala! Nilitaka kuruka. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Mama Stoo akaleta ngumi. Ikapita. Kikapita kiwiko. Akasema humu angeweza kuhifadhi gunia la sukari na funguo zake.

Kwa mara ya kwanza maishani nilisukuma tumbo nje mbele za watu. Nikalisukuma mpaka macho yakatoka pima. Halikuwepo! Nikataka kupiga kelele kwamba vifungo vimesogezwa, lakini kusema vimesogezwa ni kusema nani kavisogeza. Nikafa kiofisa. Honi akapewa fimbo, mimi nikapewa matoazi.

Kisha Honi akanivuta pembeni na kunikumbatia, machozi yanamlengalenga. Mlinzi ana vidonda vya tumbo, hawezi chakula chenye viungo. Bakuli langu la kila siku alikuwa anampa Honi! Mke wa Honi ameondoka kwenda kumuuguza baba yake tangu mvua zilizopita, na yeye alikuwa anaishi kwa chai na vipande vya biskuti. Mlinzi alikuwa amemficha jina langu, amelitaja leo. Honi akasema kila mchana alipofungua lile bakuli alijisikia kama mtu mwenye kwao. Nimemlisha mpinzani wangu kwa mkono wa mke wangu mwenyewe. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilimwambia karibu nyumbani wakati wowote. Sijui nani alisema maneno hayo kwa mdomo wangu.

Mchana, gwaride. Nilijificha nyuma ya ngoma kubwa ili mama mkwe asinione. Aliniona. Alikuwa mbele kabisa, kama alivyoahidi. Nikainamisha kichwa, nikagonganisha matoazi yangu. Tulipompita nikajua basi, yamekwisha.

Nikasikia ko, ko, ko. Nikageuka. Yuko ukingoni mwa barabara, anatembea sambamba nami! Mke wangu anamkimbilia amzuie, yeye anamsukuma kwa fimbo. Mama aliyefika kwetu akishikwa mikono miwili alitufuata njia nzima, hadi kwenye geti la kiwanda. Pale akaniambia, mbele ya Honi, Mama Stoo na meneja, kwamba makoti ameyaona mengi, lakini mkwe wa kumngoja mama mtu mzima hatua kwa hatua alikuwa hajamwona. Akasema wanawe wa kumzaa wamechoka naye siku ya pili.

Nililia. Nikasema ni vumbi. Hakukuwa na vumbi.

Jumapili, 22 Desemba

Nimelala vizuri, nimeamka na akili safi, na nimegundua kosa lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa kwenye ukubwa wa bakuli! Bakuli moja limemfikisha Honi kwenye kipimo cha koti. Mabakuli mawili yatampitisha. Nikimlisha vizuri mwaka mzima, Desemba ijayo hataingiza hata mkono mmoja. Nimemwambia mke wangu kwamba kuanzia kesho afungashe mawili, la pili la Honi, liwe na nyama. Amefurahi sana. Anasema nimekuwa mtu mwema. Sikumrekebisha.

Upande wangu, inabidi nijaze ile nafasi ya vidole viwili. Siwezi kumwambia fundi avirudishe vifungo, atasema aliniambia. Ni rahisi zaidi kunenepa. Nimeleta nyumbani mfuko wa vipande kutoka kwenye sanduku la wote. Na kwa kuwa vipande havina uzito, itanilazimu kula vingi mno, lakini asiyekubali kushindwa si mshindani.

Bado sielewi nilipunguaje. Nashuku ile mizani.

Fimbo inagonga mlangoni. Mama mkwe anasema daktari amefurahia goti lake, na kwa furaha hiyo ameamua kukaa kwetu hadi mwezi wa pili. Leo anataka tufike darajani. Darajani! Matembezi haya yatanivurugia mpango mzima. Nimeficha vipande mfukoni kwa ajili ya njiani, yeye kanusa, kaomba nusu.

Viatu vyangu viko wapi?