Msiba wa Wessel Kisiwani Salina

Jumatatu, 6 Oktoba
Kisiwa hiki nakipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Mwaka wa tisa sasa tangu nihame Uholanzi kuja huku Italia. Chenyewe hakijanipenda bado. Leo Gaspare, mwenye mgahawa wa bandarini, amesema mbele ya watu kwamba mimi, Joost, ni mgeni aliyesahau kuaga. Wakacheka! Nikacheka nao, roho ikiniuma. Atanitambua. Nimewaalika wageni wa hotelini waje kwangu Jumamosi, karamu ya utamaduni halisi wa Salina. Tatizo ni moja tu: sijui kupika.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaribu mchuzi wa bilinganya. Paka kanusa, akaenda zake.

Jumatano, 8 Oktoba
Mazishi mtaani. Nimekwenda kutoa pole, nikala vizuri mno. Hapa nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaopika na kuleta, siku kadhaa. Chakula halisi, kutoka kwa wenyewe! Wazo likanijia nikiwa natafuna. Nina kaka kule Zwolle, Uholanzi, jina lake Wessel. Hatusemezani tangu alipoyaita mapenzi yangu kwa Salina ugonjwa wa jua. Hatajua kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Asubuhi nimebandika mlangoni karatasi ya tanzia yenye ukingo mweusi, kama wafanyavyo wao. Wessel hatunaye. Kufika adhuhuri meza imejaa: supu, tambi za kuoka, sungura wa siki na sukari. Gaspare mwenyewe kaleta samaki, kaniomba radhi kwa maneno ya juzi. Ushindi!

Kisha akaja Donna Assunta, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye miaka yote hii hunisalimu kwa nyusi. Kanikumbatia. Kaniambia, “Lia tu, mwanangu, uko kwenu.” Nimelia kweli. Sijui nilimlilia nani.

Jumamosi, 11 Oktoba
Sikujua kwamba wanaoleta chakula hubaki kukaa na mfiwa. Wageni wameingia na mashati ya maua, wakakuta akina mama wenye nguo nyeusi wamejipanga ukutani. Nikawanong’oneza wageni kwamba huu ndio utamaduni wenyewe. Nikawaambia akina mama kwamba hawa ni ukoo wa marehemu. Wakainuka wote, wakawabusu wageni mmoja mmoja, wakilia. Mambo yakawa yanakwenda! Hadi daktari wa meno, Mnorwei, alipompiga picha Donna Assunta na kuniuliza kwa sauti kama haya ni maigizo, na kama kuna ngoma baadaye. Nikatikisa kichwa kukubali. Kidogo tu. Gaspare, mwenye Kiingereza chake cha kuhudumia watalii, akasikia, akawatafsiria wote.

Donna Assunta akamnyang’anya Mnorwei sahani, akarudisha sungura sufuriani, akajitwika. Alisema hata mumewe mwenyewe alipokufa, yeye hakumlilia kiasi kile. Wenzake wakamfuata, kila mtu na chombo chake.

Jumapili, 12 Oktoba
Madirisha yote upande wangu yamefungwa. Hata nyusi sizioni.

Alhamisi, 23 Oktoba
Shemeji kapiga simu kutoka Zwolle. Wessel amefariki. Moyo. Alianguka akipanda ngazi. Shemeji anasema siku za karibuni alikuwa akiulizia meli za kuja huku, na alikuwa ameshanunua kofia ya jua. Nimekaa sakafuni muda mrefu. Laiti ningempigia simu. Ningempigia hata mara moja.

Jioni nimebandika karatasi mlangoni. Jiko sikuwasha.

Jumamosi, 25 Oktoba
Hakuna aliyekuja. Gaspare amepita, akasoma, akaniita dirishani. “Wessel kafa tena? Pole, bwana. Huyo ndugu yako ana bidii!” Nikamwapia kwamba safari hii ni kweli. Akasema hata safari ile ilikuwa kweli. Nikamsikia Donna Assunta akikaanga kitunguu ng’ambo ya ukuta. Nikagonga ukuta. Akaongeza sauti ya redio. Nimekula biskuti kavu, nimemlilia kaka yangu peke yangu.

Jumapili, 26 Oktoba
Nimetafakari usiku kucha, na kosa nimeligundua. Nyumba ina msiba, hakuna hata bakuli la supu! Watu hawa wanaupoteza utamaduni wao, na hakuna anayeshtuka. Lazima atokee mtu anayekipenda kisiwa hiki awafundishe upya. Nimekwenda kubandika tangazo kwenye mlango wa kanisa: mafunzo ya desturi za Salina, kila Jumatatu, nyumbani kwangu. Mwalimu ni mimi. Kila mwanafunzi aje na chakula.