Kisu cha Kila Mahari

Jumamosi, 26 Julai 2025

Kikao cha Kikundi cha Wapenda Pori. Kambi ya Nane Nane imepitishwa: Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, shambani kwa Mzee Yeremia, kando ya ziwa. Palepale pa mwaka jana. Mkuu wa Kambi bado hajateuliwa. Mama Wilhelmina, mwenyekiti wetu na muuguzi mstaafu, amesema filimbi ya Mkuu ataitoa kulekule, akishaona nani kajiandaa kuliko wengine. Aliposema hivyo alinitazama mimi! Au dirisha lililokuwa nyuma yangu. Hapana, ni mimi.

Mwaka jana filimbi alipewa Chenge. Mimi nilipewa masufuria. Niliyabeba kutoka gatini hadi shambani, masizi yakanifika masikioni, na Gladness akaniona hivyo hivyo. Gladness ni mdogo wake Chenge, binti wa Mzee Yeremia, anafundisha Kiswahili shule ya msingi huko Nansio. Watu wote walicheka. Yeye peke yake aliniuliza kama bega linauma. Nilisema haliumi. Liliuma wiki nzima. Safari hii ataniona na filimbi shingoni, au nisiitwe Luhende.

Tatizo ni kwamba Chenge ana kisu cha kambi. Kirefu, cheusi, mpini una dira. Alikipitisha kikaoni, watu wakakipokea kwa zamu kama mtoto mchanga. Akasema kisu hiki ni cha "safali". Safali! Asiyejua r na l apewe filimbi mara ya pili? Wahenga wamesema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Natafuta kisu.

Jumatatu, 28 Julai

Nimesoma habari za visu kwenye simu siku nzima, dukani. Mteja aliuliza godoro lina unene gani, nikamtajia unene wa bapa la kisu. Ameondoka. Hakuwa mtu wa pori.

Sasa najua kila kitu. Kisu cha kambi kisiwe cha kukunja, maana panapokunjwa ndipo panapovunjika. Chuma kipite ndani ya mpini hadi mwisho. Kisizidi urefu wa kiganja, au kizidi kidogo tu. Kisiwe na mbwembwe.

Jioni nikanunua chenye meno ya msumeno mgongoni, dira, na tundu la kuwekea kiberiti. Kirefu kuliko cha Chenge! Nilikijaribu uani kwenye gogo. Pigo la kwanza, gogo halikusikia kitu. Pigo la pili, chuma kikachomoka, kikaruka ukuta, kikajichoma kwenye papai la jirani yangu Mbaruku. Nikabaki na mpini. Mbaruku akachungulia, akauliza kwa upole kama kuna ugomvi kati yetu asioujua. Nikamwambia ni utafiti. Akasema papai amenisamehe, ila utafiti unaofuata nifanye nikiwa nimeelekea upande wa choo.

Dira nimeibakiza. Inaonyesha kaskazini kila ninapoigeuzia. Lakini nina furaha kubwa moyoni, kwa sababu kisu cha Chenge ni cha aina hiyohiyo. Siku yake inakuja.

Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda kwa Masele, fundi chuma wa hapa Buzuruga. Anafua visu kwa springi za gari kuukuu. Nilimtaka anifulie chenye urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Akasema hilo ni panga. Akasema kisu cha kambi kimenye kiazi, kitumbue sato, kichonge mambo, vile vigingi vya kukazia hema, na kwa kazi zote hizo kirefu kinakusumbua mwenyewe. Nikamweleza kwamba hayo ndiyo niliyotaka kumwambia. Tumekubaliana kiganja na vidole viwili. Mpini wa mninga, chuma kipite hadi mwisho.

Halafu likaja wazo langu kuu. Maandishi! Kisu cha Chenge kina maandishi ya Kichina. Changu kitakuwa na Kiswahili. Nikamwambia Masele achonge kwenye bapa, herufi kubwa: KISU CHA KILA MAHARI. Yaani cha porini, cha ziwani, cha jikoni, popote unapokipeleka kinafaa. Maneno nimeyatunga mwenyewe, nimesimama.

Masele aliniangalia. Akauliza kama nina uhakika: mahari? Nikajua ni walewale wenye kuchanganya r na l. Mimi sichanganyi. Mahari ni pale unapokaa au unapokwenda. Mahali ni ng'ombe wanaopelekwa ukweni. Shuleni sikuwahi kukosa. Nikamwambia aandike kama nilivyosema, herufi kwa herufi.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekichukua. Kizuri! Nilikigeuza huku na huku juani. Masele alinipa mkono, mkono wangu akaushika kwa mikono yake miwili, akasema hongera sana. Akaniongezea ala ya ngozi, akakataa malipo yake, akasema huo ni mchango wake. Hajui hata kambi yetu inahusu nini, lakini anachangia. Mafundi wa Mwanza wana moyo.

Nimejaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wa kushoto. Vimeondoka vyote. Kwa hiyo kisu ni kikali. Ila mkono mmoja sasa ni wa mtoto na mwingine wa mtu mzima. Kambini nitavaa mikono mirefu.

Jumanne, 5 Agosti

Msiba mdogo. Jana nilikatia ndimu, nikakirudisha kwenye ala bila kukifuta. Leo kina madoa ya kutu. Nikampigia Masele. Amesema chuma cha springi ndivyo kilivyo, kinashika makali vizuri na kinashika kutu vizuri. Kifutwe, kikaushwe, kipakwe mafuta kidogo ya kupikia.

Nilipaka mafuta mengi kidogo, hadi kwenye mpini. Kikaniponyoka mara mbili, mara ya pili karibu na kidole gumba cha mguu. Nimekisugua kwa majivu hadi maandishi yakang'aa. Nimelala nacho chini ya mto, ndani ya ala.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Siku kubwa. Naandika nikiwa nimelala kitandani, na hilo nitalieleza.

Bandarini nilikivaa kiunoni. Mlinzi akaniambia nikiweke ndani ya begi hadi tufike. Niliona jicho lake. Wivu tu.

Mpango wangu ulikuwa hivi: tukifika, kabla hata hema halijafunguliwa, nimpe Mzee Yeremia kisu aangalie, akisifu mbele ya kikundi kizima. Mwenye shamba akishasifu, Mama Wilhelmina atafanya nini? Atatoa filimbi.

Tulimkuta mzee uani na ndugu zake wawili. Nikatangulia, nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba mwanangu. Kwao kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, mtagombana, kwa hiyo nilikilaza juu ya ungo uliokuwa mbele yake, maandishi juu. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti. Akaifuta miwani. Akasoma tena. Ndugu zake nao wakainama wakasoma. Chenge alikuwa nyuma yangu, akasema "Mungu wangu". Hakutegemea!

Mzee akaniuliza, kwa utaratibu kabisa, kama kweli nimekuja kwa ajili ya mahari. Nikamjibu ndiyo, tangu mwaka jana sijapata usingizi kwa kuikumbuka. Akauliza nyumbani kwetu wanajua? Nikasema mama anajua, ameniombea na safari. Akauliza kama nitamtunza. Nadhani alitaka kusema nitapatunza, lakini mzee harekebishwi mbele za watu. Nikasema baba, nitamtunza, sitaacha hata mfuko mmoja wa plastiki.

Hapo wazee wakaangaliana. Mmoja akakohoa kwa muda mrefu na leso usoni. Mzee akamwita Gladness.

Akaja na unga mikononi. Amependeza kuliko mwaka jana. Mzee akamwonyesha ungo, akamuuliza kama kipokelewe. Gladness akasoma. Akanitazama, sikuweza kujua anafikiri nini, na mimi nikakaza kifua na kubana tumbo. Akajipangusa unga. Akasema kipokelewe. Akakichukua mwenyewe, akaingia nacho ndani.

Akina mama wakapiga vigelegele. Kwa kisu! Hata kwenye michuano ya mpira sijaona kitu kama hicho.

Nilijua sasa filimbi ni yangu. Nikageuka kwa Mama Wilhelmina nikiwa nimeinamisha shingo tayari. Alikuwa anafuta machozi. Akasema hongera mwanangu, lakini mgeni wa namna yangu hafai kusumbuliwa na kambi. Filimbi akampa Chenge! Na mimi nikapelekwa chumba cha wageni, ndani ya nyumba. Kitanda, chandarua, godoro la inchi nane. Mimi, muuza magodoro, nimevuka ziwa kuja kulala kwenye godoro. Kisu kimegusa mfupa, na chenyewe sinacho.

Jumamosi, 9 Agosti

Usiku filimbi ililia huko nje. Niliumia. Sitaki kusema uongo humu, niliumia.

Lakini asubuhi nimeanza kuelewa. Mama Evelina, mama yake Gladness, hajakaa nami hata kidogo. Akiniona anajifunika khanga, anapita upande wa pili wa nyumba. Chakula naletewa peke yangu. Kuku mzima! Nje kule wanagawana dagaa, nimewaona dirishani. Sasa nani mkuu? Mwenye filimbi anakula dagaa, mwenye kisu anakula kuku. Wahenga hawakukosea.

Chenge kaja kuniangalia. Dira ya kisu chake imedondoka kwenye supu, na chuma kimechomoka alipokuwa anachonga mambo. Nilimpa pole ndefu sana. Akaniita shemeji. Akasema hata kama mimi ni mtu wa ajabu, dada yake ana akili za kutosha watu wawili. Sikuona uhusiano, ila nilishukuru.

Jioni Gladness mwenyewe kaniletea chai. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, mlango wazi. Akaniuliza yale maneno nilichagua mwenyewe? Nikasema kila herufi. Akauliza, mahari? Nikasema mahari. Akacheka hadi akaweka chupa ya chai chini. Halikuwa cheko la mwaka jana la wale wengine. Nilisikia joto masikioni, nikatamani aendelee kucheka hivyo hata kama sijui kwa nini. Halafu akauliza lile bega limepona? Amekumbuka! Mwaka mzima! Nilisema limepona. Safari hii ilikuwa kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi. Niliomba kisu changu. Mzee akasema kitakaa kwao kwanza, mpaka binti ajiridhishe. Nikasema ajiridhishe tu, amenye nacho viazi, atumbue sato, ni cha kazi zote. Kwenye meli kikundi kizima kiliniimbia wimbo nisioujua. Sijawahi kuheshimiwa hivi. Masufuria kabeba Chenge.

Jumamosi, 16 Agosti

Kifurushi kimefika kutoka Nansio. Kisu! Kimefutwa, kimekaushwa, kimepakwa mafuta kidogo tu. Kimenolewa vizuri kuliko nilivyokiacha. Nikageuza bapa, na roho ikanipasuka. Herufi moja imeharibiwa! Mtu amekwangua tumbo la R, akaichongea mguu, imekuwa L. KISU CHA KILA MAHALI. Sasa mtu akisoma atafikiri natangaza ng'ombe wa ukweni!

Kisha ukaingia ujumbe wake kwenye simu. Amesema ameichonga yeye mwenyewe. Kama nilikosea, kosa limekwisha, kisu ni changu, hakuna wa kunicheka, baba yake ataelezwa. Kama sikukosea, nirudishe ile herufi na kisu nikitume tena Nansio. Akikiona atajua.

Nimeusoma ujumbe huu mara nyingi. Mwalimu mzima wa Kiswahili! Msichana mzuri, mwenye moyo, anayejua kutunza chuma, lakini r na l zimemshinda kama kaka yake. Ni ugonjwa wa familia. Na aniulize mimi, Luhende, kama nilikosea?

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempelekea Masele. Nikamwambia airudishe R, kubwa kuliko mwanzo, na izame. Akauliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia mimi si mtu wa kubadilisha neno. Akanipa mkono tena, mikono miwili.

Kisu kimeondoka na meli ya leo. Nikamwandikia Gladness: Herufi imerudi. Sikukosea jana, sikosei leo, na hata tukizeeka nitakuambia neno ni lile lile. Nililipenda hilo la kuzeeka, limekaa vizuri.

Amejibu haraka. Amesema sawa. Amesema baba yake anauliza wazee wangu watakuja lini.

Mzee mwenye upendo! Kumbe anataka kuwakaribisha na wao kambini. Nimejibu watakuja wote kabla ya Krismasi, na wajomba. Kesho naanza kutafuta hema la watu wanane. Na shoka. La chuma kizito, mpini mrefu. Maandishi ya kuchonga ninayo tayari, sibadilishi kitu ila maneno mawili ya kwanza.