Kitenzi Chenye Nyota

Jumatatu, 3 Juni
Wataalamu wa lugha wa chuo kikuu wanakuja kijijini kwetu, huku milimani Slovakia! Wanatafuta nyumba ya kulala na kula majira yote ya joto. Nikiipata kazi hiyo, Ondrej wangu haendi tena Ujerumani kujenga nyumba za watu. Mwaka jana aliporudi, mtoto alilia kumwona, kama kaona mgeni. Jirani Hedviga naye anapaka chokaa ukuta wake. Ajisumbue tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimemdodosa mtaalamu mmoja aliyetangulia, dukani. Wanafuatilia kitenzi cha kuoka: pekti. Eti huyo ndiye babu, neno la kale lililozaa maneno yetu yote ya kuoka. Warusi wamemrithi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia, na sisi. Kila mmoja kamkatakata atakavyo. Wanamwandika na nyota mbele, maana hakuna aliyewahi kumkuta kwenye maandishi. Wamemkisia kwa kutazama sura za wajukuu. Maskini! Nikiwapatia mtu aliyemsikia kwa masikio yake, watakaa kwangu hadi theluji.
Ninaye. Bibi Paraska, nyanya yake Ondrej. Meno mawili, ulimi wembe.

Jumatano, 5 Juni
Nimemfundisha Bibi aseme pekti, kwamba ndivyo walivyosema wazee wake. Ujira: maandazi ya jibini. Kala yote kwanza, kisha kamuuliza Ondrej kama anajua kaoa kichaa. Ondrej kasema anajua.

Alhamisi, 6 Juni
Wamefika kwangu! Bibi kasema pekti mbele ya kinasa sauti, sawasawa kabisa. Mtaalamu akauliza alilisikia lini. Jana, akasema Bibi, kwa huyu mke wa mjukuu wangu, na jibini lake chumvi tupu. Wakacheka hadi machozi.
Bado si mbaya. Wakaomba waone ninavyooka. Waone nini? Tanuri baridi, nilikuwa nakisomea kitenzi. Hata mkate wa kuwapokelea, na chumvi yake kama desturi, niliununua dukani, umeshakatwa vipande. Upepo ukaleta harufu kutoka kwa Hedviga. Wakaifuata kama paka, na mabegi yao. Bibi naye nyuma yao.

Jumapili, 9 Juni
Ondrej kaondoka na basi la asubuhi. Mtoto kampungia mkono mpaka vumbi likatulia. Nimelia. Hedviga kaleta mkate wa moto. Mtamu, mshenzi yule! Kaniambia, mdogo wangu, washa tanuri, wageni hawa wanakula kama nzige, tuoke wote tugawane.
Nimemshukuru. Sina nafasi. Nasikia anakuja mtaalamu wa maua, anatafuta ua lililotoweka zamani. Nimeshalishona kwa kitambaa, la buluu. Bado shina tu.