Rili Isiyopiga Kelele

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Kabla ya mwezi huu kwisha nitakuwa mtaalamu wa rili.

Rili ni kile kigurudumu cha chuma kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja mshipi. Mpaka jana sikujua kama kina jina.

Chanzo ni mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, Daktari wa Meno. Jana kamletea baba mkwe mabuti ya kuingilia mtoni. Ya mpira, yanafika kiunoni! Baba mkwe akayavaa palepale sebuleni, akaizunguka meza, akamwita Daktari “mwanangu”. Mimi nilileta mto wa kulalia. Akasema ahsante. Sasa hivi paka ndiye anayeulalia.

Baba mkwe havui kwa minyoo. Ana nzi bandia, wa manyoya na uzi, anamrusha juu ya maji mpaka samaki anadanganyika. Lakini macho yanamwishia. Daktari wa macho kamwambia huenda huu ndio msimu wake wa mwisho. Na kabla haujaisha anataka kitu kimoja tu: Kigogo, samaki wa chini ya daraja. Wanaviziana tangu mke wangu akiwa shule ya msingi.

Basi Kigogo atanaswa kwa rili yangu mimi! Ya bei nafuu lakini ya mtindo wa zamani, kama ile yake anayoipenda. Mabuti yatasahaulika.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua tatu za mtindo wa zamani. Muuzaji alisema zote ni bora. Nikamwambia mimi nauza magodoro, maneno hayo nayasema kila siku, anipishe nizikague mwenyewe.

Nimezikagua mezani baada ya chakula. Ubora naujua. Godoro bovu linalalamika ukiligeukia, godoro zuri linanyamaza. Kitu cha maana hakina kelele, iwe godoro, mlango au mwanamume.

Ya kwanza, nyeusi: inakwaruza. Ya wastani. Ya pili, ya rangi ya fedha: balaa! Ukizungusha inalia kama misumari ndani ya debe. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni nani anasaga nini. Nimeiita Debe, imeshika mkia. Ya tatu ina rangi ya shaba, na haisemi kitu. Inateleza kama siagi. Nimeiita Malkia. Ukiitikisa kuna kitu kinacheza ndani, lakini kwa nini uitikise?

Mshindi ni Malkia. Mke wangu kashauri nimuulize baba yake kwanza anapenda ipi. Wanawake hawaelewi maana ya zawadi.

Alhamisi, 6 Machi

Heshima kubwa! Baba mkwe kaniita mimi, si Daktari wa Meno. Kanikabidhi rili yake ya zamani niisafishe kabla ya Jumamosi. Anasema skrubu hazioni tena. Aliishika muda kidogo kabla ya kuniachia, kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa jirani. Akaniambia nifute mchanga tu, kingine chochote nisiguse.

Nikaitikia ndiyo baba. Nilikuwa namaanisha, wakati ule.

Nimeizungusha njiani. Mungu wangu, kelele! Inalia kumzidi Debe. Masikini mzee, miaka yote hiyo anavua na kitu kibovu na hakuna mkwe aliyemwambia. Malkia asubiri kwanza. Huyu nitamtibu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeifungua. Mchanga nimeufuta, kama nilivyoagizwa. Kisha nikauona ugonjwa: kijino kidogo cha chuma, kinasukumwa na springi, kinagonga gia kila gurudumu linapozunguka. Tr-r-r-r! Jambo la kung'oa mara moja.

Nimeking'oa. Rili sasa ni kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Springi nimeikata kidogo ikaenea kwenye kalamu yangu iliyoharibika. Ndiyo hii ninayoandikia. Inabonyea vizuri sana.

Sitamwambia kitu. Atajionea mwenyewe kesho, aulize ni nani fundi, nami nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimeshajizoeza mbele ya kioo.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikwenda watatu. Baba mkwe akasimama majini na mabuti yake, mimi na Daktari wa Meno ukingoni. Jua lilikuwa linameremeta juu ya maji, hata mimi nzi sikumwona. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilidhani shingo inamuuma.

Kigogo akala. Niliona maji yakipasuka chini ya daraja. Gurudumu likaanza kuzunguka, kimya, tamu, kama nilivyolitengeneza. Mzee hakutikisika. Alibaki vilevile, kichwa upande, anangoja. Daktari wa Meno akapiga kelele kwamba samaki huyo, anakimbia! Mzee akashtuka, akavuta. Lakini gurudumu halikuwa na cha kulizuia, lilizunguka kuliko mshipi unavyokwenda, na mshipi ukajisokota wote kama nywele za mtu aliyelala bila kuchana. Ukakatika.

Kigogo aliruka mara moja, mkubwa kuliko walivyosimulia, akaenda zake.

Mzee hakutukana. Aliigeuzageuza rili mkononi, akauliza polepole mbona leo haikumwambia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Haoni mshipi. Haoni nzi. Alikuwa anavua kwa masikio.

Daktari wa Meno akasema pengine fundo lilikuwa baya, maana fundo alilifunga yeye. Akaomba radhi. Nami nikamwacha aombe. Nilitazama viatu vyangu njia nzima ya kurudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo nimeuweka mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana nimeletewa kimefunikwa. Nafunua: wali, na juu ya wali kijino cha chuma. Mke wangu alikikuta kwenye mfuko wa shati langu akifua. Kasema nikimaliza kula nivae viatu, baba yake yupo nyumbani.

Nimekwenda. Daktari wa Meno naye yupo, bila shaka. Nimeeleza yote, hata la kalamu. Daktari wa Meno kasema yeye, pamoja na vyeti vyake vyote, hang'oi jino bila kumuuliza mwenye mdomo. Nimestahili.

Baba mkwe alitaka kuiona springi. Nikaifungua kalamu. Akaipapasa kwa kidole gumba, akafika mahali nilipokata, akasimama hapo. Akasema rili kama ile haitengenezwi tena, na kwamba marehemu mama mkwe alikuwa akiisikia kutoka kule juu barabarani, akajua aweke mafuta jikoni.

Angenichapa ingekuwa afadhali. Naona aibu. Usiku ule wa harusi nilimwahidi mzee huyu kuwa mwanawe, na nimemfanyia jambo ambalo mgeni asingelifanya.

Jumanne, 11 Machi

Nimempelekea rili zangu tatu, zote.

Alizikagua kwa dakika chache kuliko nilizotumia mimi kuzipanga mezani. Alipitisha ukucha kwenye uwazi wa ukingo, mahali mshipi unapoweza kuingia ukakwama. Alizitikisa. Alizizungusha moja moja sikioni. Ile nyeusi akaiweka kando. Malkia akairudisha hapohapo, akasema hii imefika dukani na jino lake limelegea tumboni. Kumbe ndilo lililokuwa linacheza ndani.

Debe akaizungusha. Akaizungusha tena, nyuma, mbele. Akaanza kutabasamu. Akasema sura yake ni ya bei rahisi lakini huyu anaongea, na ukingo wake umekaa sawa. Akauliza nani aliichagua.

Nikasema mimi. Si uongo mkubwa, niliilipia.

Akasema Jumamosi tutarudi darajani, msimu haujaisha na macho bado yana mwanga kidogo. Daktari wa Meno atafunga fundo. Mimi nitaibeba rili. Nilikaribia kulia. Akaniomba kitu kimoja tu, nisiifungue.

Ijumaa, 14 Machi

Debe iko hapa mezani, imefungwa kwenye kitambaa. Sijaifungua. Nimebadilika mno! Mke wangu mwenyewe kasema leo nimetulia.

Nimeizungusha tu, kujiridhisha. Inalia vizuri, tr-r-r-r, mzee ataisikia hata akiwa amelala. Ila chini ya ule mlio kuna mlio mwingine, mwembamba, wa kwenye kishikio. Kii, kii. Unamharibia mzee muziki wake. Atachanganyikiwa, masikini, asijue kipi ni kishikio na kipi ni Kigogo.

Kuifungua siifungui, nimeahidi. Lakini kuna tundu dogo pembeni, na grisi ya baiskeli iko kabatini. Tone moja. Labda mawili, yafike mpaka ndani.