Tumbo Lenye Milango Miwili, na Mimi Mwenye Nalo

Dokkum, Jumatatu

Mheshimiwa Daktari Terpstra,

YAH: TUMBO LANGU KUALIKWA TENA ALHAMISI

Pole na kazi. Mimi ni Wytske Hoitinga, miaka kumi na sita, yule ambaye tumbo lake lina milango miwili ya kutokea chakula ilhali wenzangu wote wana mmoja. Nimesomeshwa Kifrisi cha mkoani kwetu na Kiholanzi, na kwa lugha zote mbili ni hodari wa kunyamaza. Ndiyo maana naandika. Sitaki kuja Alhamisi kuingizwa tena kamera mbele ya wageni wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliniomba ruhusa ya kuwaita wanafunzi wakati bomba lilikuwa tayari kooni. "Huna neno, binti, eh?" Kweli, sikuwa nalo.

2. Wakaja saba. Mmoja akasema, "Jamani, zuri hilo!" Miaka yote nangoja kuambiwa hivyo, likaambiwa tumbo.

3. Ripoti yako ina kurasa nne juu ya milango. Juu ya kilichonileta kwako ina maneno mawili: "Maumivu: yapo." Hata leo yapo.

4. Jumamosi bibi alitimiza miaka themanini. Unajua tunavyopanga viti kwa duara, kila mgeni akiupongeza ukoo mzima, si mwenye siku peke yake. Safari hii baba akaambiwa, "Hongera, Hylke, kwa tumbo la bintiyo!" "Hongera, bibi, kwa tumbo la mjukuu!" Mimi hakuna aliyenipa hata mkono. Nilipougusa mkebe wa biskuti mara ya pili, Shangazi Jikke akaufunga pwaa: "Moja moja, mama! Milango ya kutokea miwili, wa kuingilia mmoja!"

5. Kwa kuwa tumbo limenizidi heshima, naomba lije peke yake. Liandikie mwaliko kwa jina lake, ulikaribishe kwa kiti, kahawa na biskuti mbili. Kisha liulize linaumwa wapi. Mimi hukuniuliza.

Wasalimie wauguzi, mke wako, na wale saba wanaonijua kwa ndani kuliko mama.

Wako mtiifu, mwenye koo linalowasha,
Wytske Hoitinga

N.B. Karani wako amepiga simu sasa hivi kuuliza kama Alhamisi nitakuja. Nilitikisa kichwa kukataa, kwa nguvu zangu zote. Akasubiri, kisha akasema, "Haya, mpenzi, tumeelewana." Basi tutaonana saa tatu na nusu.